Diski ya Talib

Mwanamke aliyemo edani haendi dukani kwa fundi, wala fundi mwanamme haingii chumbani kwake. Ndiyo maana Mmanga, mwenye duka la kutengeneza kompyuta Kikwajuni, alimpa mpwawe Riyama mkoba wa vifaa na kumwambia, "Jang'ombe utakwenda wewe. Mjane hataki kompyuta itoke nje ya nyumba."

Riyama alijua kazi, ila kufungua kompyuta kulimwia rahisi kuliko kubisha hodi. Alipofika mlangoni alisema "hodi" kwa sauti ndogo hata yeye mwenyewe akaitilia shaka.

"Karibu! Nani huyo anayenong'ona na mlango?" Aliyetoka alikuwa Bi Borafya, mama wa marehemu.

"Shikamoo, Bi."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Ndiye mie."

Bi Borafya akamtazama toka kichwani hadi viatuni. "Wewe? Kwa wembamba huo? Kompyuta utaibeba au itakubeba? Haya, pita mwanangu."

Chumbani, Ummkulthum alikuwa amekaa mkekani, hana wanja wala manukato, mwanawe Suhail amemlalia pajani. Mtoto alikuwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea. Macho ya mama yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mungu amrehemu," Riyama alisema.

"Amin." Ummkulthum akaisogeza kompyuta mbele yake taratibu, kama anayesogeza sahani iliyojaa mchuzi. "Mume wangu alikuwa akifunga umeme kwenye mahoteli ya Jambiani, na mara nyingi akilala huko huko. Mtoto akawa halali bila yeye. Basi Talib akajirekodi humu, anambembeleza. Nikiifungua tu, Suhail anamsikia baba yake, kimya, analala. Simu ya Talib ilisagika pamoja na pikipiki siku aliyofariki. Yangu hii ya kubofya haiwezi kitu. Sauti yake imebaki humu tu, mdogo wangu. Sina pengine."

"Nimefahamu," alisema Riyama.

Aliibonyeza. Taa ikawaka, feni ikavuma, kisha kioo cheusi kikaleta mstari mmoja mweupe: hakuna diski. Akafungua skrubu moja moja kwa bisibisi, akazipanga juu ya kitambaa. Kifuniko cha chini kilikuwa kimepinda kidogo, kama plastiki iliyoachwa karibu na jiko.

"Ilikuwa imewekwa wapi?" aliuliza.

Bi Borafya alijibu kwa haraka, na kwa fahari. "Mie ndiye niliyeinusuru! Siku ya msiba tulitoa vitu vyote ukumbini watu wapate kukaa. Runinga tukaifunika shuka, kioo cha kabati tukakigeuza. Hii niliikuta inawaka na waya wake ukutani. Nikaikunja, nikaizungushia mablanketi, nikaitia chini ya magodoro, waya sikuugusa. Matanga yote imo humo, na hakuna mkono wa mtu ulioigusa. Kuitoa, ilikuwa ya moto kama chungu cha uji!"

Riyama aliinama zaidi juu ya skrubu.

Diski aliyoichomoa ilikuwa nyembamba, ndogo kuliko kitana. Akaitia kwenye kikasha chenye waya, akaiunganisha na kompyuta yake ya kazi aliyokuja nayo. Akangoja. Mara ikaonekana! Majalada yakajipanga, na katikati yake moja lilikuwa na jina la Suhail. Akalishika ili alinakili. Kioo kikaganda. Kisha diski ikatoweka, kama samaki aliyegusa ndoana akaghairi.

Akampigia simu Mmanga.

"Mjomba, imeonekana, imepotea."

"Ichomoe, iweke mbele ya feni ipoe. Ujaribu tena."

Akaipoza, akajaribu. Akabadilisha waya, akajaribu. Akaizima na kuiwasha kompyuta yake, akajaribu. Diski haikuonekana tena, ila ilipata joto kila alipoiunganisha, joto la bure.

"Mjomba, haiji kabisa. Hakuna watu wanaoweza kuifungua?"

"Wako mbali, nje ya nchi. Na kwa namna unavyonihadithia, hata wao hawatapata kitu. Usiwape watu tumaini la uongo. Watilie diski mpya hiyo niliyokupa, uwapigie windo, ile programu ya kuiendesha, angalau wasibaki na bati."

Wakati huo Ummkulthum alikuwa amekwenda kusali. Chumbani alibaki Bi Borafya.

"Bi," alisema Riyama, akitazama mkeka, "hii ya zamani imekataa. Ntatia mpya."

"Tia, mwanangu, tia! Kwani taa ikiungua si watu hutia nyengine?"

Hapo ndipo Riyama alipopaswa kusema. Alifungua mdomo, lakini Bi Borafya alikuwa akimtazama kwa furaha, na maneno yakarudi yalikotoka. Akatia diski mpya, akakaza skrubu, akachomeka flashi yenye windo. Kompyuta ikaanza kujipanga upya. Ikazima, ikawaka, ikazima, ikawaka. Mwishowe kioo kikajaa rangi ya buluu.

"Imewaka!" Bi Borafya alipiga makofi. "Ummkulthum! Njoo, imewaka! Mlete mtoto!"

Ummkulthum akaja mbio na kanga ya kusalia ingali kichwani. Akakaa, akamweka Suhail mbele ya kioo. Mtoto akakigonga kwa kiganja, akasema, "Baba." Kisha akatulia, ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza.

"Bonyeza basi," Ummkulthum alisema.

Riyama aliuondoa mkono kwenye kompyuta. "Dada, haimo."

"Haimo vipi? Si imepona?"

"Kompyuta ndiyo iliyopona. Vitu vyake vilikuwa kwenye diski ya zamani, na hiyo imekufa. Hii ni mpya, haina kitu. Nilijaribu kila njia niijuayo, na mjomba pia. Sauti haipatikani tena."

Hakuna aliyelia. Riyama angependelea walie. Ummkulthum alikitazama kioo kilichokuwa kikimtaka aandike jina la mwenye kompyuta.

"Kilichoiua nini?" aliuliza Bi Borafya, sauti imeshuka.

Riyama alimtazama Ummkulthum, na Ummkulthum akatikisa kichwa, kidogo sana. Alikuwa ameshajua.

"Uzee, Bi. Vitu hivi huchoka."

"Uzee gani? Mwanangu aliinunua mtoto huyu ameshazaliwa." Mikono yake ilianza kwenda hewani, polepole, kama mtu anayekunja na kuzungusha kitu kizito, ikasimama. "Mablanketi," alisema. "Ni mie."

"Si wewe, mama," alisema Ummkulthum. Lakini aliyasema akiwa ameupa ukuta uso, na hakuyarudia.

Suhail alichoka kungoja. Akaanza kulia. Mama yake akampakata, akaanza kumwimbia maneno yale yale ya Talib. Mtoto akamziba mdomo kwa kiganja. Mama akaanza upya kwa sauti nzito zaidi, akijaribu kuishusha kama ya mwanamme. Suhail akaangua kilio, akajitupa nyuma, mkono umeelekea kwenye kompyuta.

Riyama alikusanya vifaa. Alipouliza kama aifunge kompyuta au aiache wazi, hakuna aliyemjibu, basi akaiacha wazi. Bi Borafya hakunyanyuka kumsindikiza. Huko uani, jirani alimsikia akipita, akamwita juu ya ukuta, "Fundi! Imepona?"

"Imepona," alisema Riyama, akaufunga mlango wa nje nyuma yake, na kilio cha mtoto kikamfuata mpaka barabarani.