Tufe Jekundu

Jumamosi tarehe 15 Agosti 1992, sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria, ndiyo siku mambo yangu yalipoharibika. Na walioyaharibu ni kamati.

Mwaka ule ushirika ulikuwa umeacha kuleta plau kijijini kwetu, huku juu karibu na Mpui. Tuliambiwa sasa ni soko huria, kila mtu ajitafutie. Nikajitafutie wapi? Bundala, jirani yangu Msukuma, alikubali kuniazima ng'ombe wawili wa kulimia. Kilichokosekana ni plau. Hellena mke wangu alikuwa anabanwa na kifua, na kugeuzia udongo juu ya nyasi kwa jembe ili kupata matuta yetu ya duara kulikuwa kunammaliza.

Basi parokia ikatangaza mchezo wa sikukuu: unavingirisha tufe la mti kwenye njia ya mbao, unaangusha vigogo tisa vilivyosimamishwa mwishoni. Mshindi, mwanamume au mwanamke, anapewa plau mpya.

Matufe aliyachonga Bruda Flavian, fundi seremala. Yalikuwa makubwa na madogo. Jumapili tatu alitufundisha baada ya misa.

"Lishike, ning'iniza mkono, hesabu hadi kumi," alisema. "Bega likitetemeka, rudisha tufe. Anayeanza achukue jepesi. Zito litamvuta yeye."

Mimi nilichukua lile dogo. Nikawa naangusha saba, mara nyingine nane. Hellena alikaa kwenye nyasi akihesabu kwa sauti, anacheka hadi anakohoa.

Siku yenyewe ilipofika tukakuta kamati imepaka matufe rangi bila kumuuliza Bruda. Makubwa mekundu, ya wanaume wenye kaya. Madogo ya manjano, ya akina mama. Ndivyo walivyo wakubwa wetu, hata mkono wa mtu wanaupangia.

Nikanyoosha mkono, nikashika la manjano. Tadei, mwenyekiti wa kamati, alikuwa na kipaza sauti.

"He! Baba Agnesi! Hilo la mama Scola! Au leo umefunga kitenge ndani ya suruali?"

Uwanja mzima ukacheka. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Mwacheni, nyumbani ndiye anayepika!"

Nikalirudisha la manjano, nikachukua jekundu.

Kabla sijahesabu hata nne, bega lilianza kutetemeka. Nikatupa. Likaacha njia, likaenda kugonga ubao wa pembeni. La pili likaangusha kigogo kimoja. La tatu sitaki kulisema.

Mama Scola mwenyewe, muuza pombe, alipewa lile la manjano, akaangusha vigogo vinane na kuondoka na plau. Simlaumu. Yeye alipewa linalomfaa, kwa dharau yao wenyewe.

Njiani kurudi nilimsema Tadei, nikaisema kamati, nikausema ushirika, nikapanda hadi serikalini. Hellena alitembea polepole, anasimama, anavuta pumzi, anaendelea. Mwaka ule tukalima kwa jembe la mkono. Uliofuata nikalima peke yangu.

Tadei nimemfuata mara mbili. Anasema, "Ulikuwa mchezo, Baba Agnesi." Mchezo!

Ila jioni ile, tulipokaribia nyumbani, Hellena aliniuliza kitu kimoja, na hadi namzika sikuwa nimemjibu:

"Tadei alisema tu, Baba Agnesi. Mkono uliorudisha la manjano ulikuwa wa nani?"