Kuvuta Kimyakimya

Mwaka uliotangulia, kwenye mashindano ya kuvuta kamba kule Iringa, Devota aliburutwa, na wala si kuburutwa kidogo. Yeye ndiye alikuwa mtu wa mwisho kwenye kamba, yule anayejizungushia kamba mgongoni na begani ili wenzake saba walio mbele yake wapate mahali pa kuegemea. Fainali ile walivuta na akinamama wa Mufindi. Devota akaanguka chali, akapelekwa kwa mgongo mpaka ng'ambo ya mstari, miguu juu, kiatu kimoja kimebaki nyuma. Kuna mtu alirekodi. Gari lao la kurudi halijafika hata Igawa, kideo kimeshazunguka kwenye magrupu yote ya WhatsApp, na kwao Ubaruku watu wote wakampa jina: Trela.

"Trela, leo unavutwa kwenda wapi?" vijana wa kubeba magunia pale mashineni walimwuliza kila asubuhi.

Alicheka nao, angefanyaje? Akifika nyumbani alikuwa hacheki.

Basi mwaka huu mazoezi yalipoanza, Tusekile alimwita pembeni. Tusekile ndiye kiongozi wa timu, mama wa Kinyakyusa mwenye sauti ya kuamsha mtaa, na ndiye anayeanzisha wimbo wakati wa kuvuta.

"Mdogo wangu, nisikufiche," alisema. "Mikono unayo, miguu unayo. Ila moyo wako ukiona watu wengi unatoka mbio unakuacha peke yako. Nitakupa mwisho wa kamba mara hii tu. Ukituangusha tena, nafasi ni ya Frida."

Frida, binti wa akiba, alikuwa amesimama palepale anatafuna muwa. Akaangalia pembeni kwa adabu, lakini hakuacha kutafuna.

Mwalimu wao alikuwa fundi Gerson, anayetengeneza mashine za kukoboa mpunga. Huyo hakuwa na maneno mengi. Alifunga kamba kwenye pawatila, lile trekta dogo la kulimia, lililozama kwenye tope la jaruba la mpunga, akamwambia Devota ashike, asivute, ashike tu. Kisha akawaita wale vijana wa magunia.

"Mtukaneni."

"Kweli, fundi?"

"Kweli. Bure kabisa."

Wee! Siku ya kwanza Devota alilia. Siku ya pili aliwajibu, na kila akiwajibu kamba ilimteleza mikononi.

"Umeona?" Gerson alimwuliza. "Ukienda kugombana nao, huku kwenye kamba anabaki nani?"

Wiki ya pili Devota akakumbuka jambo analolijua tangu utoto. Ukiwa unapandikiza mpunga, umeinama, maji yako magotini, kosa kubwa ni kuinua kichwa ukatazama jaruba limebaki kiasi gani. Ukitazama tu, kiuno kinakatika kabla ya saa nne. Mpandaji anayefika mwisho hutazama vidole vyake na pale vidole vinapoingia. Akaamua na kamba aifanye hivyohivyo: atazame kisigino chake cha kushoto, asikie pumzi yake, basi. Vijana walipiga kelele mpaka sauti zikakauka. Mmoja akasema, "Fundi, huyu mama amezimwa au?" Gerson akatabasamu, jambo ambalo kwake ni nadra.

Iringa waliikuta ina baridi ya kukata masikio. Uwanjani, wa kwanza kuwalaki alikuwa Severina, mtu wa mwisho wa kamba ya Mufindi, mwanamke mpana, mtulivu, anayefanya kazi ya kuvuta magogo msituni.

"Kamwene, watu wa wali!"

"Kamwene," wakaitikia.

"Na trela mmekuja nalo?" Wenzake wakaangua kicheko. Devota akatazama kisigino chake. Severina akaendelea, "Jamani, na ule wimbo wenu msituache nao. Tumeungoja mwaka mzima. Mtamu kweli!"

"Mtausikia mpaka mshibe," Tusekile akajibu, kifua mbele. Alipenda sana wimbo wake kusifiwa.

Kweli waliusikia. Ubaruku waliwatoa akinamama wa Chunya, wakawatoa na wa Njombe, huku wanaimba. Tusekile anaita, "Panda, dada, mpunga wetu!" nao wote saba wanaitikia "Eee!" na kwenye ile "Eee" ndipo wanavuta kwa pamoja. Jua lilipopanda wakajikuta tena fainali, tena na Mufindi. Mvuto ni mara tatu. Anayeshinda mbili ndiye bingwa.

"Shika kamba!" mwamuzi akaita. "Kaza! Vuta!"

"Panda, dada, mpunga wetu!"

"Eee!"

Wakavuta, kitambaa chekundu cha katikati kikasogea upande wao kama kiganja kimoja. Tusekile akavuta pumzi ili aite tena, na wote wakavuta pumzi pamoja naye. Papo hapo Mufindi wakaikutua kamba, wakaivuta ghafla kwa nguvu, kitambaa kikarudi viganja viwili. Wakaimba tena, wakapata kidogo. Wakavuta pumzi, wakanyang'anywa zaidi. Mara ya nne kitambaa kikavuka. Wamepoteza.

Ila mara hii Devota hakuanguka. Alishuka na wenzake hatua kwa hatua, amesimama, macho kwenye kisigino. Na kwa kuwa kichwa kilikuwa kimetulia, kuna kitu alikisikia ambacho mwaka jana, kwa woga wake, asingekisikia.

Pembeni, Tusekile alikuwa anafoka. "Nani alilegea? Nyuma huko nani alilegea?"

"Hakuna aliyelegea, dada," Devota akasema. "Ni wimbo. Wanausikiliza. Sisi tukinyamaza kuvuta pumzi, wao ndipo wanavuta. Hawatuvuti tukiimba hata mara moja."



"Wimbo?" Tusekile akamgeukia taratibu. "Wimbo huu tunapandia mpunga tangu kwa mama yangu. Ndio umetufikisha hapa. Leo wewe, Devota, wewe wa kideo, ndiye unaukataa?"

Neno lile lilimwingia. Zamani angenyamaza hapo, akarudi nyuma. Akavuta pumzi moja.

"Siukatai. Tuuimbe ndani. Midomo ifungwe."

"Nani atajua tumefika wapi?"

"Wimbo tunaujua sote. Na kamba tumeshika moja. Utatusikia mikononi."

Wote wakamtazama fundi Gerson. Fundi alijikuna kidevu. "Mimi nilikuwa naangalia kitambaa," akasema. "Anachosema ni kweli. Mara nne, vilevile."

Filimbi ikalia. Tusekile akamtazama Devota kama mtu anayepima kina cha maji kabla ya kuvuka. "Haya. Midomo ifungwe."

"Shika! Kaza! Vuta!"

Ubaruku, kimya. Watazamaji wakashangaa. "Kwaya imeisha chaji!" mtu akapayuka, uwanja ukacheka. Lakini ndani ya vifua vinane wimbo ulikuwa unaenda, na Devota aliusikia kweli mikononi: kamba inakaza kidogo, inatulia, inakaza. Mufindi walikutua mara moja, wakakuta ukuta. Wakakutua tena, wamekosea wakati. Hawakujua pa kuingilia. Kitambaa kikaja upande wa Ubaruku polepole, kikavuka, na Frida kule pembeni akarusha muwa wake juu.

Sasa ni sare, moja moja. Umebaki mvuto mmoja.

Tusekile hakufoka safari hii. Alimfunga Devota kamba begani kwa mikono yake mwenyewe, akasema chini kwa chini, "Mimi mbele naona nyuso zao tu. Wewe huku nyuma ndiye unayesikia kamba yote. Ukishusha kiuno, ukazama, tunazama wote. Amua wewe ni lini."

"Mimi, dada?"

"Kuna Devota mwingine?"

"Vuta!"

Mvuto wa tatu ulikuwa mrefu, we acha tu. Dakika ya kwanza kitambaa hakikwenda huku wala kule. Mapaja yakawaka moto. Jasho likamwingia Devota machoni, akaliacha. Kisigino. Pumzi. Kisigino.

Halafu Severina akafanya ujanja wake. Akaanza kuimba. Tena wimbo wao wenyewe Ubaruku! "Panda, dada, mpunga wetu!" na Mufindi wote wakaitikia "Eee!", lakini kwa mwendo wa haraka, kusudi wawachanganye. Uwanja ukalipuka kwa vicheko. Kamba ikayumba, mbele kuna mtu aliyepotea, amefuata wimbo wa nje. Kitambaa kikaondoka. Kiganja. Viwili. Vitatu.

"Trela! Trela! Trela!" watu wakaimba nao.

Devota alisikia yote hayo, asiseme mtu kuwa hakusikia. Lakini aliyasikia kama unavyosikia mvua ukiwa ndani ya nyumba. Akaurudisha wimbo wake kifuani kwa mwendo wake uleule wa kupandia, akaukaza kwenye kamba, mkazo mmoja, mwingine, mpaka mikono ya mbele ikaupata, na kamba ikaacha kuyumba.

Hapo ndipo akagundua. Kwani wao Mufindi wanaimba kwa pumzi ya nani? Wakiitika wanavuta, wakimaliza "Eee" wanavuta pumzi, wote nane, palepale, bila kukosea. Wamejiweka wenyewe mahali walipoikuta Ubaruku mvuto wa kwanza.

Hakuharakisha. Akawaacha waimbe mara moja, ahakikishe. Wakaimba mara ya pili. "...Eee!"

Devota akazama. Akashusha kiuno mpaka karibu na majani, na wenzake saba wakashuka naye kama mtu mmoja. Kitambaa kikaruka. Mufindi wakataka kuimba, sauti ikakatikia njiani. Akazama tena kabla hawajakusanya pumzi. Tena. Tena. Severina alikuwa anasema kitu, hakuna aliyemsikia. Devota alirudi nyuma kisigino kwa kisigino, kingine, na kingine, na kila akirudi kulikuwa na nafasi ya kurudi zaidi.

"Devota!"

Akavuta.

"Devota, we! Achia!"

Akavuta. Mtu akamshika mabega. Alikuwa Frida, analia na kucheka kwa pamoja. "Dada, filimbi imeshalia zamani! Tumeshinda! Unawapeleka wapi watu wa watu?"

Ndipo akainua kichwa. Kitambaa chekundu kilikuwa mbali kabisa upande wao, Severina amekaa chini kwenye majani anahema huku akipiga makofi, na Tusekile anakuja mbio na mikono hewani, anapiga vigelegele vya kusikika mpaka Ipogolo.

"Nifungueni basi hii kamba," Devota akasema.

"Tutakufungua ukishabebwa," Tusekile akamjibu, akainama, akamtupa begani mzimamzima, kamba ikiburutwa nyuma yao uwanja mzima.