Saini Arobaini na Sita

Mguu wa nyuma wa kiti ulibambuka kama ganda la kitunguu, tabaka baada ya tabaka, na mpimaji akacheka kicheko kisicho na raha hata chembe.

"Cha ngapi hicho?" aliuliza fundi wa mashine, akijifanya anafuta mikono.

"Cha saba kati ya kumi."

"Basi vitatu vizima. Shukuru Mungu, Kucha."

Kucha ndilo jina walilombandika kiwandani. Kabla ya kukiweka kiti chini ya gunia la mchanga, hukikwaruza kwanza kwa ukucha wa dole gumba, na ukucha ukizama, kiti hicho hakina maisha. Akitokea kwenye mashine, vijana hupigiana miluzi: "Ficheni viti, mwenye makucha huyo!" Hakujali. Miaka kumi na tisa ya kukataa kazi za watu haikumzalia marafiki, naye hakuja pale kutafuta marafiki.

Akachukua chaki akaandika ubaoni: FUNGU LA 46, LIMEKATALIWA. Kwa wiki tatu alikuwa akiandika maneno hayohayo. Viti vya zahanati vilitengenezwa kwa mafungu arobaini na sita, na yote aliyakataa. Alijua yamerundikwa ghala la nyuma, yanasubiri kusagwa upya.

Ugonjwa wenyewe aliujua kama anavyojua njia ya kwao. Viti hivi vilitokana na plastiki chakavu, na aliyebuni mchanganyiko huo ni yeye. Miaka miwili alihangaika na mabeseni yaliyopasuka, ndoo, vifuniko na madumu, mpaka akapata kiti ambacho nusu yake ni taka na bado kinamkalisha mtu mnene bila kulalamika. Siri ilikuwa kuchambua. Plastiki ikisagwa humwagwa majini, ile nzito ikazama ikatupwa. Lakini katika inayoelea kuna koo mbili, ukoo wa viti na ukoo wa madumu. Zinafanana rangi, zinafanana wepesi, ila ukiziyeyusha pamoja hazishikani. Hukaa ndani ya kiti kama wake wenza wasiosalimiana: nyumba moja, kila mtu na chungu chake. Ndiyo maana palikuwa na wanawake kumi na mmoja kwenye meza ndefu, wakichukua kila kipande kabla hakijasagwa na kukikunja karibu na sikio. Cha viti hulia kakara. Cha madumu hukunjika kimya. Kiongozi wao walimwita Bi Masikio, na masikio yake hayakukosea.

Kisha mdogo wake Kucha, mkurugenzi, akanunua tangi kubwa la maji lenye pampu na taa za bluu. Akaliita ubunifu. Wanawake kumi na mmoja wakaambiwa wakae nyumbani.

Huyo mdogo wake ndiye aliyeingia sasa, amevaa suti mpya iliyokuwa bado na mkunjo wa dukani.

"Futa hilo neno."

"Lipi?"

"Usinitanie, dada. Saa nne mkaguzi wa vyeti anaingia. Leo tunapata cheti cha ubora na uendelevu, cha kwanza kwa kiwanda cha viti. Sitaki akute ubao wako umeandika upuuzi."

Kucha akaokota ule mguu uliobambuka, akautupa juu ya meza mbele yake. "Keti juu yake. Ukikaa dakika moja, nafuta."

"Kila kiti duniani huvunjika."

"Baada ya miaka. Siyo baada ya mgonjwa mmoja. Zahanati wanakaa wajawazito, wanakaa watu waliotoka kushonwa. Hilo nalo halikuingii akilini?"

"Kinachokuuma ni tangi. Linafanya kwa dakika kumi kazi ambayo mashosti zako walifanya siku nzima wakipiga umbea."

"Tangi linajua mambo mawili tu, kuelea na kuzama. Hata kinyesi huelea, mdogo wangu. Hukuambiwa na waliokuuzia?"

Fundi wa mashine akaangua kicheko, akakimeza haraka kikamkwama. Mkurugenzi alimtazama mpaka akatoka. Kisha akarekebisha tai yake taratibu.

"Kaa na saini yako," alisema. "Mimi siihitaji." Akatabasamu, akaenda zake.

Angetukana, Kucha asingeshangaa. Lile tabasamu ndilo lililomtoa chumbani. Akapita karakana, akapita tangi linalonguruma na taa zake kama gari la harusi, akafika ghala la nyuma. Ghala lilikuwa tupu. Nje ya mlango malori matatu yalisimama, viti vimepandanishwa hadi juu na kufungwa kamba.

"Nani kaamuru hivi vitoke?" alimuuliza mtunza ghala.

"Wewe." Mtunza ghala alimtazama kama mtu anayetegewa swali la mtego. "Si umevipitisha mwenyewe? Hati zote hizi hapa."

Akampa jalada. Hati za upimaji, fungu la kwanza hadi la arobaini na sita. Kila moja imeandikwa LIMEFAULU, na chini ya kila moja saini ya Kucha.

Alifunua ya kwanza, ya pili, ya kumi. Saini ilikuwa yake kweli, si ya kuigiza. Mkia wake ulikatika katikati, ukaacha nafasi, kisha ukaendelea. Kwenye hati ya kumi na moja ulikatika palepale. Kwenye ya ishirini, palepale.

Akakumbuka. Kalamu iliyokuwa inaishiwa wino. Meza ya mdogo wake, miezi mitatu iliyopita. Alitia saini, kalamu ikagoma katikati, akaitikisa, akamalizia mkia. Karatasi ile ilikuwa barua ya kuwaondoa wachambuaji. Mdogo wake alimwambia, "Saini tu, dada, ni ya muda, tangi likishindwa tunawarudisha," naye, mwenye kiburi cha kukataa viti vya watu wote, hakukataa. Sasa mdogo wake ameinyofoa saini ile kwenye barua ile, akaibandika kwa kompyuta mara arobaini na sita.

"Una nini?" aliuliza mtunza ghala. "Umepauka."

Alivuka barabara na jalada kwapani.

Ng'ambo, kwenye uwanja wa kununulia vyuma chakavu, Bi Masikio alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akitenganisha vifuniko vya chupa. Hakuinua macho.

"Ukija kununua, bei iko kwa mwenye uwanja. Ukija kusalimia, umechelewa miezi mitatu."

"Bi mkubwa, mkaguzi anakuja leo. Njoo na mimi. Umwonyeshe kwa sikio lako ile plastiki wanayoiyeyusha. Mimi peke yangu hawataniamini."

"Aa! Leo masikio yangu yana thamani." Alitupa kifuniko kwenye gunia. "Siku tunatolewa getini kama paka waliokula samaki, wewe ulikuwa wapi?"

"Chumba cha upimaji."

"Uliniona dirishani. Nilikupungia mkono. Ukafanya nini?"

Kucha alihamishia jalada kwapa la pili.

"Ukashusha pazia," alisema Bi Masikio. "Na barua ile niliisoma, usifikiri sikusoma. Nilijua mwandiko wa nani uko chini. Nenda, mama. Wewe na nduguyo mlichimba shimo pamoja, mwagiane udongo wenyewe."

"Viti vinakwenda zahanati."

"Na mimi ninakwenda zahanati ipi nikiumwa? Si hiyohiyo? Nitasimama." Akarudi kwenye vifuniko vyake.

Saa nne na robo Kucha aliingia chumba cha mikutano bila kubisha hodi. Ukutani mdogo wake alikuwa amebandika majani ya plastiki na maneno makubwa ya kijani: UBORA. UENDELEVU. UBUNIFU. Mkaguzi, mzee mfupi mwenye mafua, alikuwa akipenga kamasi kwenye leso. Kwenye kiti cha kichwa cha meza aliketi mama yao. Kiwanda alikianzisha yeye na marehemu mumewe kwa mashine moja ya kukodi, na sasa alikuwa mwenyekiti wa bodi. Dirishani wafanyakazi walikuwa wamejazana kuona cheti.

"Dada anaumwa kidogo," mkurugenzi akawahi kusema. "Dada, nenda kapumzike."

"Siumwi. Mzee, mimi ndiye mkuu wa ubora hapa. Nakala za hati hizi umeshapewa?"

"Ninazo." Mkaguzi alipiga chafya. "Ni nzuri. Safi mno, nilikuwa nataka kuuliza."

Mama yao alimshika mkono Kucha akamvuta karibu, akasema chini kwa chini, lakini chumba kilikuwa kidogo na kila mtu alisikia. "Mwanangu. Funika kombe mwanaharamu apite. Mengine tutayamaliza nyumbani."

"Nyumbani tumefunika makombe mpaka hakuna pa kuweka mguu, mama."

"Nduguyo huyo! Ulimbeba mgongoni!"

"Nilimbeba. Na leo amenibeba yeye, amenipeleka nisikotaka." Aliutoa mkono wake. "Mzee, weka hati mbili moja juu ya nyingine, uzielekeze dirishani. Tazama mkia wa saini."

Mkaguzi aliziinua. Akachukua ya tatu, akaiweka juu. Akachukua ya nne. Mafua yakasahaulika. Hakuna binadamu ambaye mkia wa saini yake hukatika mahali pamoja mara nne.

"Saini ni yangu," alisema Kucha, "lakini mkono si wangu. Mafungu yote niliyakataa, ubao uko chumba cha upimaji. Viti viko kwenye malori hapo nje. Chukua chochote upendacho, ukivunje."

"Mwongo!" Mkurugenzi alisimama. "Ana chuki! Tangu nishike ukurugenzi hajawahi kunitakia mema! Mzee, huyu ni mwanamke aliyekosa nafasi akabaki na donge!"

"Donge ninalo," alisema Kucha. "Na viti vyako vibovu. Vyote viwili ni kweli."

Dirishani mtu alipiga yowe. "Kucha, unatuua! Cheti kikikosekana nani ataagiza viti vyetu?" Mwingine akadakia, "Mchawi wa kiwanda!" na wengine wakacheka, kicheko cha watu walioshikwa na hofu.

Mkaguzi alifungua daftari. "Saini halisi ilitoka wapi?"

Mdogo wake alimtazama, na kwa mara ya kwanza siku ile macho yake yaliomba. Alijua jibu. Alijua pia kwamba jibu hilo linamkata dada yake kabla ya kumkata yeye. Kucha angeweza kusema hajui. Angetoka pale msafi, aliyeibiwa, shujaa wa viti.

"Kwenye barua ya kuwaondoa wachambuaji," alisema. "Wanawake kumi na mmoja. Bila wao mchanganyiko huu haufai, na mimi nilijua haufai, kwa sababu niliubuni. Ile nilitia saini kwa mkono wangu, na akili zangu timamu."

"Nitaandika kwamba mkuu wa ubora alishiriki," alisema mkaguzi. "Unaelewa maana yake? Hakuna kiwanda chenye cheti kitakachokuajiri kupima."

"Andika."

"Na hati hizi siwezi kuzifuta kwa neno la mdomo. Kila fungu lina namba yake na hati yake. Unayoikana uikane kwa maandishi, moja moja, na tarehe, na saini yako halisi kando."

"Hapana!" Mkurugenzi alilinyakua rundo la hati. Mama yake alimpiga kofi mkononi, kama anavyopigwa mtoto aliyegusa sukari, na karatasi zikatawanyika mezani. Si kwa kumtetea binti. Mkaguzi alikuwa akitazama, na bibi yule hakuwa tayari kuonekana mbele ya mgeni akiwa na mtoto mnyang'anyi.

"Kaa chini," alimwambia mwanawe. Kisha akamgeukia Kucha, na sauti yake ilikuwa baridi kuliko ile aliyomtolea mwingine. "Na wewe. Umeshinda. Leo usipite nyumbani. Wala kesho."

"Sipiti, mama."

Kucha akavuta kiti, akaketi, akaomba kalamu kwa mkaguzi. Akachora mstari juu ya neno LIMEFAULU kwenye hati ya kwanza, akaandika *si mimi niliyesaini hapa*, tarehe, na saini. Akachukua ya pili. Hakuharakisha. Nje walianza kufungua kamba za lori la kwanza, na kila rundo la viti liliposhushwa chini palisikika mtu akimtukania Kucha mama yake, naye mama mwenyewe alikaa kimya akisikiliza. Mdogo wake alitembea kutoka ukuta hadi ukuta. Alipopita nyuma yake aliinama akamwambia sikioni, "Utakufa peke yako."

"Nipishe mwanga," alisema Kucha, na kuandika hati ya kumi na tisa.