Shavu la Kushoto

Kiharusi kilinipiga upande wa kushoto, na kila aliyekuja kunipa pole alisema heri mkono wa kulia umebaki. Hawaijui kazi ya kinyozi. Wa kulia hushika wembe, lakini wa kushoto ndio huvuta ngozi ikakaza. Bila huo unamchinja mteja. Nikakata shauri kiti changu cha kunyolea kiuzwe. Mama watoto alilia, mimi nikanuna, tukaishi hivyo.

Siku ya mnunuzi kuja, mke wangu alinipeleka kwa nguvu kwenye kikundi cha waliopigwa kiharusi, ng'ambo ya barabara kutoka kwenye kibanda changu. "Kaa na wenzako," akasema, "mimi nakwenda kumpokea mtu wa kiti."

Nikaketi karibu na dereva wa malori. Shavu lake la kulia linang'aa, la kushoto ni kichaka.

"Nani kakunyoa?"

"Mwenyewe. Kwani vipi?"

"Umebakiza nusu!"

Akapapasa shavu la kulia. "Mbona safi?"

Chumba kizima kikacheka. Mama mmoja anayeburuta mguu, mwalimu mstaafu, akanieleza: tangu augue, Dereva husahau kuwa ana upande wa kushoto. Hula nusu ya sahani, kisha analalamika kapunjwa. "Tunamgeuzia sahani, basi. Na wewe usijione, vifungo vya shati umevipishanisha."

Nikajitazama, nikacheka. Sikuwa nimecheka tangu niugue.

Lakini lile shavu liliniwasha roho. "Inuka," nikamwambia Dereva, "huwezi kutembea mjini hivyo mimi nikiwa hai." Kikundi kizima kikatufuata kibandani kikichechemea, magari yakasimama yakisubiri tuvuke.

Nikamketisha kwenye kiti changu, nikampaka povu, nikashika wembe. Mkono wangu wa kushoto ukaning'inia tu. Hofu ikanishika, nikaurudisha wembe mezani.

"Siwezi. Hakuna wa kuvuta ngozi."

"Shavu si langu?" akasema Dereva. "Navuta mwenyewe."

Akainua mkono wake mzima, akavuta shavu la kulia.

"Lile lingine!"

"Lipi?"

"Geuza shingo kushoto!" wakapiga kelele wote.

Akageuza, vidole vikapita puani, vikagonga ndevu. "Kumbe liko huku!"

Akavuta, nikanyoa. Taratibu, bila hata mkwaruzo mmoja. Machozi yakanitoka na sikuyaficha, acha waone.

Mama watoto akatokea mlangoni na mwanamume mwenye mkokoteni. "Baba watoto! Unafanya nini huku? Mnunuzi ndiye huyu."

Mwalimu, ambaye hajawahi kuota ndevu maishani, akajipanga kwenye foleni. Dereva hakuliachia shavu lake.

"Mwambie aende zake," nikasema. "Kiti kina mtu."