Rafu ya Chini

Msusi alikuwa akimsuka mteja wake wa mwisho kwenye korido ya nyuma miguu ilipomfa ganzi mpaka magotini. Akamalizia mistari iliyobaki, akafunga ncha kwa uzi, ndipo akapandisha gauni kutazama. Vidole vyote vilikuwa vimegeuka jiwe jeupe lenye vitundu vidogo vidogo.

"Hiyo ni chokaa," alisema mteja, macho yake kwenye kioo cha mkononi. "Mwenzangu, umenibana sana hapa kisogoni."

Korido ile haikuwa na dirisha. Chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani, ndicho mumewe alichomwahidi kwa kazi yake walipohamia. Kisha akaweka humo tangi lake la kioo la maji ya chumvi, la kufugia matumbawe, kwa muda tu, mpaka apate pengine pa kuliweka. Miaka ikaenda. Wateja walichoka kusukwa kwa tochi, wakahama mmoja mmoja.

Jiwe likapanda kiunoni, na kadiri lilivyopanda, mwanamke alizidi kupungua kimo. Alipofikia ukubwa wa birika, mikono imechipua matawi na ngozi inakauka, mumewe aliona kwamba sasa anahitaji maji. Akaweka gazeti chini. Akamtia mkewe kwenye ndoo, akapima chumvi ya tangi, akapima joto. Kwa mambo ya tangi alikuwa mtu makini hasa, mengine tuyaache.

"Unaniweka wapi?" mke aliuliza kutoka ndani ya ndoo.

"Chini kwanza. Tumbawe geni halipandishwi juu siku hiyo hiyo, taa zitakuunguza. Ukizoea nitakupandisha."

"Lini?"

"We mwanamke, hata tangini hujaingia! Nimesema ukizoea."

Akamweka kwenye rafu ya chini, ubavuni mwa jiwe kubwa, ambako mwanga ulifika umechoka. Humo majini jiwe lake jeupe lilipata rangi nzuri ya waridi. Vinywa vyake, ambavyo sasa vilikuwa vingi kama vitundu vya chujio, vilisema kwa pamoja, na aliyesogea karibu na kioo alimsikia vizuri.

Majuma yakapita. Muuza matumbawe akaleta chumvi, akachuchumaa mbele ya tangi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwambie huyu anipandishe."

Muuzaji alimgeukia mume. "Bosi, mama anapoteza rangi. Hawa wa matawi wanataka taa kali na maji yanayokwenda kwa nguvu. Huku chini atakuwa kahawia, halafu mweupe, halafu ndiyo basi tena. Mpeleke pale juu."

"Pale juu nimeweka lile la zambarau."

"Lile nono? Lile hata uvunguni mwa kitanda litaishi. Libadilishe."

"Lina gundi. Nikilibandua litavunjika."

"Livunjike tu, litaota tena."

Mume alirudi kwenye kochi lake, akakaa, akafumba jicho moja. "Hebu njoo ulitazame kutoka hapa."

Muuzaji akaenda, akatazama, akakubali kwamba linapendeza. Akaomba basi mama asogezwe mbali na jirani yake, tumbawe la mikia mirefu, maana lile huchoma wenzake taa zikizimwa.

"Ameshanichoma," alisema mke. "Upande wa kushoto sisikii kitu."

"Basi si afadhali," alisema mume. "Huumii."

Konokono wa tangini walimwangusha mara mbili, kwa hiyo mume akaleta gundi. Mke aliiona ikishuka majini kwenye ncha ya kidole.

"Ukinibandika hapa, hunipandishi tena."

"Gundi si msumari. Nikitaka nitakubandua."

Akamshikilia mpaka gundi ikashika, akafuta mkono kwa taulo.

Wifi yake alipokuja kumsalimia alimkuta kahawia. Akagonga kioo kwa ukucha. "Wifi! Wewe umepata bwana, hupiki wala hufui."

"Huku ni giza, wifi."

"Eee, lakini pana ubaridi," alisema wifi, akavua viatu.

Mume alisema rangi ile mpya inaendana na kapeti. Kisha akanyunyiza chakula juu ya maji. Matumbawe ya juu yakaanza kula. Huku chini vinywa vyote vikafunguka, vikangoja kitakachobaki kiteremke.