Marehemu Hula Betri

Kamera ya Munyao ilitumia betri mbili, kila moja saizi ya kifungo cha shati, na hizo zilimtosha mwaka mzima. Siri yake ilikuwa moja tu: hakuweka kidole kwenye kitufe kabla watu hawajatulia. Migwani nzima ina simu za kupiga picha, lakini wazee wa ukoo hawazitaki, wanasema picha za simu zinachezewa. Wanataka ya filamu. Na wanayoitaka kuliko zote ni ile ya kwenye jeneza, kwa sababu shamba likigombaniwa, aliyesimama kichwani mwa jeneza ndiye mwenyewe.

Ndululu alizikwa Alhamisi. Kaka yake, Kilonzo, aliipanga familia mapema: yeye kichwani, wanawe ubavuni. Kavindu, mjane, alisukumwa mpaka kwenye sufuria za muthokoi. Sababu iliyotolewa ni kwamba mbuzi wa ntheo, wale wanaomfanya mke awe mke, hawakuwahi kupelekwa kwao. Walipelekwa. Kilonzo mwenyewe ndiye aliyewaswaga, akala nyama mpaka tumbo likamsumbua siku mbili.

"Piga sasa," Kilonzo alisema.

Ndululu akafungua kifuniko cha jeneza, akashuka, akakung'uta suti, akaenda kusimama kando ya mke wake. Mzee Muli, mkubwa wa ukoo, alisogeza kiti ili ampishe. Mchungaji akatazama saa.

"Ndululu, rudi ulale," Kilonzo akasema. "Watu wako na njaa."

Ndululu akamwinamia mke wake. Kavindu akamnyoosha kola. Munyao akawageuzia kamera, maana mpiga picha humfuata mwenye mazishi, na papo hapo taa nyekundu ndani ya kamera ikazimika. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Marehemu akisimama, hula moto wa mwaka mzima kwa picha moja.

"Amemaliza zote," Munyao alisema. "Na hii kamera bila betri haishtuki hata kidogo."

Kilonzo alikuwa na betri mpya mfukoni, amezinunua Mwingi kwa tahadhari. Alizifunika kwa kiganja.

"Hizi ni za picha yangu."

Kavindu alitoa kwenye kibeti kalkuleta anayouzia ndengu sokoni, akaifungua kwa kisu cha vitunguu, akatoa betri mbili, akazifuta kwa leso.

"Tumia hizi, Munyao. Na usikawize kidole."

Kamera ikalia mara moja, ikafa. Ndululu akarudi ndani ya jeneza, akafunga mwenyewe. Ndipo Kilonzo akatoa betri zake, na picha ya pili ikapigwa: yeye kichwani, kifua mbele.

Baada ya wiki mbili wazee walikaa kuamua shamba ni la nani. Picha zote mbili ziliwekwa mezani, na ya Kavindu ndiyo iliyotoka safi. Mzee Muli aliishika karibu na miwani.

"Huyu ni Ndululu?"

"Ndiye, mzee," Kavindu alisema.

"Na amesimama."

"Alisimama. Wewe mwenyewe ulimpisha."

"Nilimpisha, ndiyo. Lakini mtu amesimama hivi, nani atasema amekufa? Hii ni picha ya mtu na bibi yake, siku yoyote tu. Ya mazishi ni hii ingine."

Ilikuwa dhuluma, na kila mtu aliyekuwa pale alijua ni dhuluma. Walikunywa chai, wakaomba, wakaenda nyumbani.

Jumamosi wanawe Kilonzo walianza kuchimba mashimo ya ua kuzunguka shamba. Kavindu aliruhusiwa kuchukua mabati ya nyumba yake, kwa kuwa aliyanunua kwa ndengu zake, na yalikuwa kumi na sita. Saa kumi jioni Ndululu alikuja na suti ile ile, akamshikia ngazi. Kilonzo alimwona, akamsalimu kwa jina, akamwomba asikanyage mashimo ya nguzo.