Mama wa Mheshimiwa Asimame

Fundi alikuwa ameshonea watu wa kila umbo, lakini hakuna nguo iliyomchosha kama koti la bluu la mwanawe. Tangu kijana achaguliwe kuingia Baraza la Jimbo, koti lilikuwa halikai. Leo lifumuliwe ubavuni, kesho liongezwe mgongoni. Tumbo la mheshimiwa lilikuwa na haraka zake. Wale waliompigia kura walikuwa wembamba vilevile kama walivyokuwa siku ya kupanga foleni.

"Mama, usilibane sana," alimwambia Jumapili ile, amesimama katikati ya sebule kama sanamu la dukani. "Wiki hii kuna hafla."

"Hafla, hafla," Fundi alijibu, pini zimo mdomoni. "Na maji ya kliniki?"

"Maji yamo kwenye swali langu, mama. Jumanne nawatoa jasho."

Mtaani walimwita Nyongeza. Jina lilitokana na mdomo wake: barazani, waziri akishajibu swali lililoandikwa, aliyeuliza huruhusiwa kusimama tena na swali moja la nyongeza. Hilo haliandikwi, waziri hana jibu lake mfukoni, na hapo ndipo mtu hubanwa mpaka akatapatapa. Nyongeza wakati wa kampeni alikuwa akiapa kwamba yeye ni bingwa wa hilo swali la pili. Watu walimwamini. Hata Fundi, ambaye alimjua tangu akiwa anadanganya kuhusu sukari, naye alimwamini.

Siku hiyo alifanya mazoezi palepale, koti limejaa pini. "Waziri atasema mabomba yapo. Nawajua hawa, ndizo nyimbo zao. Basi mimi nasimama, namuuliza: mabomba hayo yalitoa maji lini mara ya mwisho? Na mkunga ananawa na nini? Na nani atawajibishwa?"

Dada yake, aliyekuwa ameketi kwenye kochi na mimba yake ya kusubiri siku yoyote, alicheka, kisha akaanza kulia. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kliniki ileile mwaka juzi, akiwa mzima na mwenye makelele. Mkunga alimpokea kwa mikono aliyoifuta tu kwa kitambaa, kwa sababu ndoo ilikuwa tupu. Kitovu kikaingia uchafu, mtoto akashikwa na homa, na wiki haikuisha wakamzika. Hospitali nyingine ilikuwa mbali mno kwa mtu aliyeshikwa na uchungu. Ilikuwa kliniki ile ama sakafu ya nyumbani.

"Usilie, bwana," Nyongeza alimwambia. "Safari hii kaka yako yupo."

Jumanne Fundi alivaa gauni lake zuri akaenda barazani. Mwanawe alimkuta getini, ananukia manukato, akamvuta pembeni.

"Mama, leo ni siku kubwa. Asubuhi nimekunywa chai na Waziri. Wananipa umakamu mwenyekiti wa kamati. Gari, dereva, kila kitu."

"Hongera, mwanangu. Na swali?"

"Swali lipo, lipo," alisema, macho yakiwa tayari kwa mtu mwingine anayepita.

Fundi alipewa kiti cha mbele kwenye jukwaa la wageni. Ukumbi ulikuwa na baridi ya mashine na zulia la kuzama miguu. Kila mjumbe alikuwa na chupa za maji mezani, na wengi hata hawakuzigusa. Mmoja, mnene mwenye pete, alifungua ya kwake, akalowesha leso, akainama kufuta kiatu. Mwingine alisinzia mdomo wazi. Hawa ndio waheshimiwa! Fundi aliwahi kuwa na mashine mbovu ya kushonea iliyopiga kelele siku nzima bila kutoa hata pindo moja, lakini ile angalau haikudai posho.

Swali likaitwa. Waziri wa Afya wa jimbo alisimama, mtu wa sauti laini na tai nyembamba, akasoma bila kuinua macho.

"Mheshimiwa Spika, napenda kulihakikishia Baraza lako tukufu kwamba kliniki hiyo imeunganishwa na mtandao wa maji, na mabomba yote yapo."

Fundi nusura aruke. Haya sasa! Si ndivyo mwanawe alivyosema? Neno kwa neno! Nyongeza alinyanyuka, akafunga kifungo cha koti, na kule juu midomo ya mama yake ikaanza kumtangulia: yalitoa maji lini mara ya mwisho.

"Mheshimiwa Spika, nakushukuru," alisema Nyongeza. "Kwanza nimpongeze Waziri kwa majibu mazuri, yenye kina na yenye kutia moyo. Sasa, kwa kuwa kazi kubwa imefanyika, je, Waziri yuko tayari kututengea siku, aje apokee shukrani za wananchi wangu?"

Meza zikapigwa kwa vishindo. Aliyekuwa amesinzia aliamka, akapiga na yeye.

"Niko tayari, Mheshimiwa Spika," Waziri alijibu. "Hata kesho."

Fundi alisubiri. Labda ni mbinu, alijiambia, labda anapuliza kwanza halafu ndipo aume. Lakini mwanawe alikuwa amekwisha kukaa, anaegemea kiti, na Waziri alimgeukia akamwonyesha dole gumba. Ile chai ya asubuhi ikamwingia Fundi akilini. Kumbe! Maji ya mkunga yamenywewa kikombeni, mchana kweupe, na mwanawe mwenyewe. Alimuonea haya, halafu haya ikaisha, ikabaki kinyaa tu. Akafyonza mpaka jirani yake akageuka.

Maswali yalipokwisha, Spika alianza kutambulisha wageni. Ndiyo desturi: unatajwa, unasimama, unapigiwa meza, unakaa.

"Leo tunaye mama mzazi wa mheshimiwa Makamu Mwenyekiti wetu mpya. Mama wa mheshimiwa, asimame tumwone."

Nyongeza aligeuka, meno yote nje. Fundi hakusimama. Alikunja mikono kifuani akatazama mbele.

"Mama wa mheshimiwa?" Spika alirudia. Shingo zikaanza kupinda. Nyongeza akampungia mkono, kwanza kwa furaha, kisha kama mtu anayefukuza nzi. Mhudumu wa ukumbi akaja kuinama sikioni mwa Fundi. "Mama, ni wewe unayeitwa. Simama kidogo tu."

"Umekosea mtu," Fundi alimjibu, na sauti yake, iliyozoea kushindana na cherehani, ilifika mpaka chini. "Mimi ni mama wa mwenye mimba."

Hakuna aliyepiga meza. Spika alikohoa, akamtaja mgeni mwingine haraka haraka, kisha akaahirisha kikao kwa chai. Waheshimiwa wakatoka mbio kama wanafunzi waliosikia kengele.

Hapo ndipo Fundi aliposimama. Alishuka ngazi, akaingia ukumbini kwenyewe, akafungua mfuko wake wa vitambaa, na kuanza kuzoa chupa mezani, moja baada ya nyingine, zile ambazo hazijafunguliwa. Mhudumu alinyanyua mkono amzuie.

"Za mkunga kunawia," Fundi alimwambia. Mhudumu akaushusha mkono, akaanza kumsogezea chupa za meza za mbali.

Nyongeza alirudi akihema. "Mama! Unafanya nini? Umeniaibisha mbele ya watu! Siasa huzijui wewe, mambo huenda polepole."

"Mimba haiendi polepole," alisema Fundi bila kuacha kuzoa. "Mimi nilikuzaa kliniki ileile. Mkunga alinawa mpaka kwenye viwiko. Maji yalimwagika sakafuni nikamwambia afunge bomba, anayapoteza. Ukaogeshwa hayo, ndiyo maana uko hai leo unapongeza watu."

Alikuwa amefika kwenye meza ya mwanawe. Nyongeza alitazama chini, akaishika chupa yake, akamnyooshea mama yake kwa mikono miwili.

"Chukua na yangu, basi."

Fundi aliitazama, akaipita.

"Hiyo baki nayo. Una shukrani nyingi za kutoa, koo litakukauka." Alijitwika mfuko begani, mzito, akaelekea mlangoni. "Na hilo koti likikubana tena, katafute fundi mwingine."